Kumtazama Shinji Ikari bila kumwonea

Wengi wanaoanza Neon Genesis Evangelion, mfululizo wa katuni za Kijapani, wanaishia njiani, na sababu ni ileile: rubani mwenyewe, Shinji, analialia mno. Tunakuomba urudi uanze upya, safari hii ukiwa na swali moja kichwani: huyu mtoto wa miaka 14 anaogopa nini zaidi, kufa au kutotakiwa? Kila anapopanda ndani ya Eva, mashine kubwa ya vita yenye umbo la mtu, jibu lipo hapo.

Mpangilio kwanza. Mfululizo wa Hideaki Anno, uliorushwa Japani kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996, una sehemu 26. Zitazame zote kwa mfuatano. Sehemu ya 21 hadi ya 24 zina toleo refu. Ukilipata, chukua hilo. Baada ya hapo tazama filamu ya The End of Evangelion ya mwaka 1997. Death & Rebirth unaweza kuiruka, kwa kuwa karibu yote ni marudio au kipande cha filamu hiyo. Filamu 4 za Rebuild, zinazosimulia hadithi hii upya, kuanzia 2007 hadi 2021, ziache mwisho kabisa. Wapo wanaoanzia huko kwa sababu picha ni nzuri, na ndio haohao wanaofika filamu ya tatu wakiwa wamepotea.

Usiruke sehemu ya 14. Nusu ya kwanza ni marudio, lakini nusu ya pili ina Rei Ayanami, rubani mwenzake Shinji, na bila yeye mengi ya mbele hayaeleweki.

Sasa, shika kanuni za mashine mapema, kwa sababu mateso ya Shinji yametokana nazo. Eva inapata umeme kwa waya mrefu mgongoni. Waya ukikatika, betri ya ndani inadumu dakika 5, au dakika 1 tu ikitumika kwa nguvu zote. Rubani anakaa ndani ya kimiminika kiitwacho LCL na kukivuta mapafuni, na akili yake inaunganishwa na mashine. Muungano ukipanda, Eva inamtii vizuri, na maumivu yake nayo yanamfikia. Mkono wa Eva ukivunjwa, Shinji anashika mkono wake mwenyewe na kupiga kelele. Anayemwita mlegevu huwa hajalizingatia hilo.

Sehemu ya 3 itazame kwa utulivu. Mazoezini Shinji anarudiarudia kwa sauti isiyo na uhai: weka shabaha katikati, vuta kifyatulio. Hana hasira, hana shauku, anafuata tu alichoambiwa. Halafu kwenye pambano lenyewe waya unakatwa, wanafunzi wenzake wawili wako miguuni pa Eva, na Misato, kamanda wake, anaamuru arudi nyuma. Hapo Shinji anakaidi. Anachomoa kisu na kumvamia Malaika (ndivyo wanavyoitwa maadui wakubwa wanaopigana na Eva) huku akipiga mayowe, betri ikikaribia kuisha. Ushindi ule hauna furaha hata kidogo, na sehemu ya 4 anatoroka. Angalia pia kiganja chake anachokifumba na kukifumbua, na kifaa chake cha kusikilizia muziki kinachozunguka nyimbo mbili tu, ya 25 na ya 26.

(Kuanzia hapa tunataja yanayotokea mbele.)

Ukifika sehemu ya 16, punguza kasi: mbili kwa siku zinatosha. Katika ya 18 Shinji anakataa kupigana kwa kuwa ndani ya Eva nyingine yumo mtoto mwenzake. Baba yake, Gendo, anamnyang'anya usukani na kuiacha mashine ifanye kazi yenyewe, na Shinji analazimika kushuhudia. Ukitazama ya 19 mara moja baada yake, vitisho vyake dhidi ya makao makuu ya NERV, shirika la baba yake linaloendesha Eva, vinaeleweka.

Katika sehemu ya 24 picha inasimama kwa zaidi ya dakika moja, Eva ikiwa imemshika Kaworu, rafiki mpya wa Shinji, mkononi. Usidhani intaneti imekwama, na usisogeze mbele. Muda ule ndio uamuzi wa Shinji, na umewekwa mrefu ili nawe uubebe.

Sehemu za 25 na 26 zinafanyika ndani ya kichwa chake, kwa hiyo usizisubirie vita. The End of Evangelion ina mauaji, kujiua na mambo ya ngono: usiiweke watoto wakiwepo. Kama wewe mwenyewe unapitia kipindi kizito, iahirishe, au itazame mchana ukiwa na mtu unayemwamini.