Barua kwa mwanangu: jioni ya Sinterklaas

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Umeuliza hao Waholanzi wa kazini kwako Houston wanaokualika Sinterklaas tarehe 5 Desemba wanataka nini, na kama ni Krismasi iliyowahi. Si Krismasi. Ni mkesha wa Mtakatifu Nikolasi, ndiye huyo Sinterklaas, askofu wa Myra, mji uliokuwa Uturuki ya leo. Ibada haimo, ni vitamutamu, vifurushi na kutaniana.

Kwa kuwa mmeshaokota vikaratasi vya majina, kila mtu ajue wa kumpa, zawadi isizidi bei mliyopatana, usije ukamtia mwenzio haya. Kazi hasa ni shairi. Linaandikwa kana kwamba ametunga Sinterklaas, hivyo usitie jina lako, na ulichape, maana mwandiko husema. Vina ni vya mwisho tu, mishororo miwili miwili, na mizani hawahesabu. Wewe uliyekulia kwenye nane kwa nane hutatoka jasho. Mishororo 10 inatosha, kwa Kiingereza pia sawa. Mtanie kwa vituko vyake: kuchelewa vikao, kuua maua ya ofisini. Lakini kumbuka, mpokeaji ndiye atakayelisoma kwa sauti mbele ya watu kabla ya kufungua zawadi. Basi unene, talaka na maradhi viache.

Kifurushi nacho hufananishwa na shairi. Mpenda baiskeli anatengenezewa baiskeli ya maboksi, zawadi imefichwa ndani ya gurudumu. Anza siku tatu kabla, kwani gundi mbichi huachia njiani. Wengine huficha zawadi ndani ya unga au jeli. Ukifanya hivyo, ifunge kwanza kwa plastiki.

Usiende mikono mitupu: oka kruidnoten, vibiskuti vyao vya msimu. Unga gramu 250, beking pauda vijiko 2 vya chai, sukari ya kahawia 125, siagi 100, maziwa vijiko 3 vya kulia, chumvi chembe. Viungo: mdalasini kijiko 1 cha chai, karafuu, kungumanga, tangawizi na iliki robo robo. Kanda, weka kwenye friji saa nzima, la sivyo siagi itayeyuka mapema vitandae kama chapati. Viringisha kama gololi, oka nyuzi 170 za Selsiasi kwa dakika 15 hivi. Vikitoka vitakuwa laini, na hapo ndipo wengi huvirudisha jikoni vikaungua. Viache, vitakauka vikipoa.

Kwenye vitafunwa, bitterballen, yaani vidonge vya nyama vya kukaanga, kwa kawaida ni nyama ya ng'ombe, ila uliza. Vile vikate vya soseji, saucijzenbroodjes, mara nyingi vina nguruwe.

La mwisho ni zito. Askofu ana wasaidizi, kila mmoja Piet, na kwa miaka mingi walipakwa uso mweusi, midomo myekundu, nywele za bandia. Wengi walipinga, watu weusi wa Uholanzi wakiwa mbele, na tangu 2019 gwaride la kitaifa lina Piet wa masizi tu, yaani mabaka ya masizi ya dohani usoni, si uso mzima mweusi. Huko ng'ambo kila kamati huamua lake. Muulize mwenyeji mapema, "Piet wenu ni wa masizi?" Hatashangaa, mjadala huu umefika kila nyumba kwao. Jibu lisipokuridhisha, usiende, wala usiombe radhi.

Karafuu nimempa mjomba wako, anasafiri mwezi wa kumi na moja. Zisage siku ya kuoka.

Mamako