Kompyuta ya kuunga ikisumbua: kwanza jua inafia wapi

Fundi mgeni akiletewa kompyuta ya kuunga, yaani iliyounganishwa kifaa kwa kifaa, ikiwa inasumbua, mkono wake hukimbilia flashi ya Windows. Apige Windows upya, aone. Mara nyingi hiyo ni kazi ya saa nzima isiyojibu swali lolote. Swali lenyewe ni moja: mashine inafia kabla Windows haijaanza kupanda, au baada ya hapo? Draiva ni programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa fulani, na inakaa ndani ya Windows. Kompyuta inayozima ikiwa bado kwenye nembo ya mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote), au isiyotoa picha tangu iwashwe, haina ugonjwa wa draiva, hata mwenye nayo aape.

Isiyotoa picha, angalia kwanza kebo ya monita imechomekwa wapi. Kama kuna kadi ya picha, kebo iingie kwenye kadi. Prosesa za Intel zinazoishia na herufi F, na hata Ryzen 5 5600, hazina uwezo wa kutoa picha zenyewe, kwa hiyo tundu la HDMI la mazabodi litabaki kimya. Kisha angalia waya wa prosesa wa pini 8, ule wa kona ya juu ya mazabodi. Ukisahaulika, feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini giza. Waya wa kadi ya picha nao una pini 8 na unafanana nao, ila upande wa volti 12 na upande wa hasi vimebadilishana. Ukigoma kuingia, usiulazimishe.

Hapa kuna mtego wa vifaa vya mtumba: pawasaplai (kisanduku kinacholisha mashine umeme) ambayo nyaya zake huchomolewa. Usichanganye nyaya za pawasaplai moja na nyingine, hata kama zote ni za kampuni moja. Plagi inaingia vizuri kabisa, kumbe mpangilio wa ndani ni tofauti, na SSD, yaani diski ya kuhifadhia, inaungua mara tu unapobonyeza swichi.

Bado giza? Vua kila kitu. Bakiza prosesa na feni yake, ramu moja na pawasaplai, pamoja na kadi ya picha kama prosesa haina picha. Kwenye mazabodi nyingi zenye matundu manne, ramu ikiwa peke yake hukaa tundu la pili kuhesabu kutoka kwa prosesa. Meno yake yafute kwa pamba na spiriti safi, yakauke ndipo uirudishe. Ramu za DDR5 zikiwashwa mara ya kwanza zinaweza kukaa giza dakika kadhaa huku mazabodi ikizipima, usichomoe umeme. Ikiwaka, rudisha kifaa kimoja kimoja. Ukirudisha viwili kwa pamoja umejinyima jibu.

Pawasaplai ipime kwa mita mashine ikiwa inafanya kazi nzito. Waya wa volti 12 usome kati ya 11.4 na 12.6, na wa volti 5 kati ya 4.75 na 5.25. Kuiwasha nje kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi kunathibitisha tu kwamba inaamka.

Halafu kuna jambo la Mwanza yetu. Mabatini, Igogo, Isamilo, nyumba zimekaa juu ya majabali. Fimbo ya athi, ile ya kupeleka umeme uliovuja ardhini, haishuki vizuri kwenye jiwe, na nyumba nyingine haina kabisa. Kasha likikuchomachoma vidole ukiligusa, usikimbilie kubadilisha pawasaplai. Kichujio kilichomo ndani yake hupeleka umeme mdogo kwenye bati, na bila athi hauna pa kwenda. Mita inaweza kuonyesha karibu nusu ya volti 230 kati ya kasha na ardhi. Dalili zinafanana na draiva mbovu: spika zinavuma, vifaa vya USB vinakatika. Anayehitajika hapo ni fundi umeme. Na umeme huu wa kukatika na kurudi, usisasishe BIOS (programu ya mazabodi yenyewe) bila UPS, betri ya akiba.

Ikiwa Windows inapanda ndipo matatizo yaanze, jaribu kuwasha kwa flashi ya Ubuntu, mfumo mwingine badala ya Windows, bila kuisakinisha. Sauti au Wi-Fi ikifanya kazi humo, kifaa ni kizima na draiva ndiyo ya kutafutwa. Kwenye Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, namba 28 maana yake draiva haipo. Ili kujua kifaa ni cha nani, fungua sifa zake, Details, kisha Hardware Ids: VEN_10EC ni Realtek, 8086 Intel, 10DE NVIDIA, 1002 AMD. Chukua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi; zile programu za kusakinisha draiva zote kwa mpigo zinaongeza takataka. Kama draiva ya mtandao ndiyo inayokosekana, chomeka simu kwa waya wa USB na ugawe intaneti. Kwa kawaida Windows huitambua bila kuuliza.

Namba 43 kwenye kadi ya picha ina sura mbili: draiva iliyoharibika, au kadi yenyewe. Chomoa intaneti, maana Windows hujirudishia draiva yake kimyakimya, ingia Safe Mode (Windows ya dharura), ondoa draiva yote kwa DDU, programu ya kufuta draiva za picha, sakinisha mpya. Namba ikirudi ileile, hamishia kadi kwenye mashine nyingine kabla hujamwambia mteja anunue nyingine.

Kernel-Power 41, taarifa utakayoikuta kwenye kumbukumbu za matukio za Windows, nayo inasema tu kwamba mashine ilizima bila kufungwa. Haijataja pawasaplai.