Barua kwa mwanangu: majibu mawili, yote ya kweli

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya kwanza mbiombio nikitafuta neno "nimefaulu", ya pili taratibu kwa kuwa nilishaona halimo. Unasema kwenye mtihani wa NREMT, ule wa huko Marekani wa wahudumu wa dharura wa gari la wagonjwa, kompyuta ilijifunga ukiwa swali la 78, ukatoka hujui ucheke au ulie, na matokeo yalipotoka ukajua. Sasa unahesabu siku 15 ndipo uruhusiwe kurudia, na katika maneno yote uliyoandika swali ni moja: "Mama, majibu mawili nayafuta bila shida. Yanayobaki mawili yote ni ya kweli. Nachaguaje?"

Sitakwambia usome zaidi. Kitabu chako nilikiona kwenye video. Umekipiga rangi ya njano kurasa zote, na kurasa zote zikiwa za njano hakuna iliyopigwa rangi.

Acha nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukusimulia, maana halinipambi. Mwaka wangu wa kwanza kwenye mapokezi ya dharura aliletwa kijana aliyeanguka na pikipiki. Mguu umevunjika, ncha ya mfupa imetokeza nje ya ngozi, damu kidogo imeshaanza kuganda. Nikaukimbilia ule mguu. Nikaufunika kidonda, nikautafutia banzi, nikaufunga kwa bendeji nzuri ajabu, kila mzunguko umekaa juu ya mwenzake. Kule upande wa kichwa, kooni mwa kijana, kulikuwa na sauti, kama maji yanayochemka kwenye birika dogo. Niliisikia. Nikaendelea kufunga. Muuguzi mkuu akanisukuma kwa kiwiko, mmoja akashika kichwa kisitikisike, yeye akaingiza mrija wa kufyonza mdomoni, ikatoka damu na vipande vya meno. Sauti ikakoma, kifua kikapanda. Aliponigeukia aliniuliza swali moja tu: "Unamfungia mguu nani?"

Kijana alipona. Mimi sikulala.

Sasa tazama: kufunga ule mguu halikuwa kosa. Mfupa uliovunjika lazima utulizwe, kila kitabu kinasema. Lilikuwa jibu sahihi la dakika ya kumi, nami nilikuwa bado dakika ya kwanza. Mtihani wenu umejaa miguu kama hiyo. Wanaotunga hawakuwekei uongo na ukweli, wanakuwekea kweli mbili za dakika mbalimbali. Ndiyo maana, katika mtihani huu, sehemu kubwa kuliko zote ni tathmini ya awali, yaani zile dakika za kwanza kabisa.

Kwa hiyo ukibakiwa na majibu mawili usijiulize lipi ni la kweli. Jiulize: hili nikiliacha dakika tatu, mgonjwa atakuwa wapi? Halafu uliza hivyo hivyo kwa la pili. Mguu ukiuacha dakika tatu, kijana anaumia zaidi. Koo ukiliacha dakika tatu, huna mgonjwa tena.

Jaribu na huyu. Mwanamke umemkuta amelegea, midomo imeingia ubluu, anapumua mara 6 kwa dakika, mapigo yapo. Jibu moja linasema mpe oksijeni nyingi kwa barakoa, lingine linasema msaidie kupumua kwa ambubegi, ule mfuko wa kuminya kwa mkono unaosukuma hewa mapafuni. Zote mbili ni oksijeni, na nadhani hapa ndipo unapoangukia. Barakoa inamsubiri mgonjwa avute mwenyewe, na huyu havuti. Mara 6 kwa mtu mzima si kupumua kwa kutegemewa. Unambana barakoa ya ambubegi usoni na kumpa pumzi moja kila sekunde 6, ukitazama kifua kinapanda. Barakoa ile nyingine ingekuwa sawa kabisa kwa anayepumua vizuri lakini oksijeni yake iko chini.

Mwingine: mzee wa miaka 58, kifua kinambana, jasho linamtoka, presha 88 kwa 50, na jana usiku alimeza sildenafili, dawa ya nguvu za kiume. Umepewa uchague nitrogliserini ya chini ya ulimi au aspirini ya kutafuna. Ukisoma haraka unaona "kifua" na mkono unakwenda kwenye nitrogliserini, kwa sababu umeikariri. Lakini nitrogliserini inapanua mishipa na kushusha presha, na namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 100 haitolewi. Hiyo sildenafili nayo inaishusha pamoja nayo. Aspirini basi, miligramu 162 hadi 324, kama hana mzio nayo na anaweza kumeza. Presha haikuwekwa pale kwa mapambo. Kila namba iliyomo kwenye swali ina kazi, itafute.

Na kuna maswali yanayocheza na huruma yako, na wewe huruma unayo kupita kiasi, umeitoa kwa baba yako. Gari limegonga nguzo, waya wa umeme umelala juu ya boneti, dereva anavuja damu na anakuita. Huendi. Unasimama mbali, unamwambia abaki ndani, unaita watu wa umeme. Usalama wako unatangulia kila kitu. Baada ya hapo ndipo damu inayoruka kwa nguvu, kisha njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu. Ila asiyeitika, asiyepumua na asiye na mapigo huyo ana njia yake: unapapasa mapigo kwa muda usiozidi sekunde 10, ukikosa unaanza kugandamiza kifua, 100 hadi 120 kwa dakika, sentimita 5 kwenda chini lakini usipite 6, mara 30 kwa pumzi 2, na mnabadilishana kila dakika 2 kwa sababu mikono inachoka kabla mwenyewe hujakubali kwamba umechoka.

Kosa jingine lako nalijua tangu ukiwa darasa la tatu: unaongeza maneno kwenye swali. "Huenda ana kisukari, huenda amekunywa kitu." Hakuna aliyesema. Mgonjwa wa mtihani ana yale yaliyoandikwa tu, na yaliyoandikwa kwamba yameshafanywa usiyarudie. Wakisema njia ya hewa iko wazi, iko wazi, songa mbele.

Kuhusu kompyuta kujifunga, hilo lisikusumbue. Inaweza kukufungia kwenye swali la 70 au kukupeleka hadi 120, na katika hali zote mbili mtu anaweza kufaulu au kufeli. Ukipata, inakupa gumu zaidi. Ukikosa, inalegeza kidogo. Ndiyo sababu kila mtu anatoka akihisi amepigwa. Karatasi ya matokeo itakuonyesha sehemu ulizo chini ya kiwango, anzia hapo.

Yapo mambo ya kukariri tu, hayana ujanja. Moto ukimuunguza mtu mzima, mkono mzima ni asilimia 9 ya ngozi yote ya mwili, mguu mzima 18, kichwa 9. Mtoto mchanga kichwa chake peke yake 18. Yaandike kwenye kikaratasi, bandika mlangoni mwa choo, tumemaliza.

Mengine yote yafanye kwa mdomo. Kila swali la mazoezi, kabla ya kugusa jibu, sema kwa sauti: "Niko dakika ya ngapi?" Kisha eleza kwa nini lile jibu la pili limeshindwa, si kwa nini la kwanza limeshinda. Ukishindwa kueleza, ulibahatisha, hata kama umepata. Maswali 20 kwa namna hiyo yanatosha kwa siku. Hayo 200 unayoyakimbiza usiku yanakuchosha macho tu, na siku moja kabla ya mtihani sitaki kusikia umefungua kitabu.

Jumamosi nipigie jioni. Nitakutungia wagonjwa watano, nawe utanijibu bila kuona majibu ya kuchagua, maana barabarani hakuna A wala B. Baba yako amejitolea kuwa mgonjwa. Jana tulijaribu, nikamuuliza maumivu yalianza lini, akasema "mwaka niliokuoa". Nitamtafutia ugonjwa mwingine kabla ya Jumamosi.

Mama yako