Mishipa mizima, moyo umelegea

SWALI: Mama, miaka 63, alibanwa kifua msibani. Daktari anasema mishipa ya moyo haijaziba, ila moyo umelegea. Inawezekanaje? – Msomaji, Temeke

JIBU: Poleni sana na msiba. Inawezekana, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Mshtuko humwaga adrenalini, homoni ya taharuki, nyingi mno. Ncha ya moyo hulegea na kututumka huku sehemu ya juu ikiendelea kukaza. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na troponini (kipimo cha damu cha moyo ulioumia) huonyesha kama shambulio la moyo, ndiyo maana picha ya mishipa ilikuwa lazima.

Wengi hupona ndani ya wiki chache. Arudie eko (ultrasound ya moyo) baada ya wiki 4 hadi 8, na asijiachishe dawa kwa kuwa kapata nafuu. Siku za mwanzo ndizo za kuchunga: maji mapafuni, mapigo ovyo, damu kuganda ndani ya moyo. Akikosa pumzi akilala, akizimia au mdomo ukienda upande, mkimbizeni hospitali usiku huohuo, msingoje siku ya kliniki. Kifua kikibana tena, tafadhali, msiseme ni majonzi tu.