Kumalizia Riwaya ya Marehemu

Ndugu yangu, umeuliza ufanyeje na madaftari ya riwaya ya kisayansi ambayo marehemu rafiki yako aliiacha bila kuimaliza. Kwanza pata idhini ya warithi kwa maandishi, kwa kuwa hakimiliki sasa ni yao. Kisha mtazame Spider Robinson, mwandishi wa riwaya za kisayansi, ambaye riwaya yake Variable Star, iliyotoka mwaka 2006, ilijengwa juu ya muhtasari wa mwandishi mwenzake marehemu Robert Heinlein wa mwaka 1955 uliokuwa umepotelewa na mwisho wake: hakuigiza sauti ya Heinlein, bali alisimulia kwa sauti yake mwenyewe, na jalada likabeba majina yote mawili. Nakusihi sana, katika dibaji yako, uoneshe mawazo ya rafiki yako yanapoishia. Katika madaftari yenyewe usiandike chochote. Fanyia kazi nakala.