Kulipa mia tatu sio ruhusa ya kuacha choo kichafu

Swali lenu la wiki hii mmeuliza vyoo vya kulipia vya stendi na masokoni vinachafuka kwa kosa la nani, msimamizi au sisi tunaoingia. Naandika kutoka Mtwara, na mimi nasema ni sisi tunaoingia, alafu maji, msimamizi namuweka wa tatu, najua wengi watanibishia.

Mtu akishatoa mia tatu pale mlangoni anaona basi kumwaga maji ni kazi ya yule mama anayepokea hela, anatoka zake huku anafunga mkanda, kopo kaliacha chini kwenye tope na ndoo ina maji hajayagusa. Na sio watoto, ni watu wazima wamevaa wamependeza, na nyumbani kwao choo kinasuguliwa kila asubuhi maana ile kampeni ya serikali ya Nyumba ni Choo ilitufikia wote.

Kinachoniuma zaidi ni vile vyoo vya kukaa. Vimewekwa kwa ajili ya wazee wenye magoti mabovu, wajawazito, watu wenye ulemavu, lakini anaingia kijana mzima anaogopa kukaa alipokaa mwenzie, anapanda na viatu anachuchumaa juu yake. Panabaki alama mbili za soli, tope limechanganyika na mkojo, plastiki ya kukalia imepasuka, anayefuata naye akiona vile hawezi kukaa kwa hiyo anapanda vilevile. Jioni bibi wa watu katoka Newala na gari anafika pale, kukaa hawezi, kuchuchumaa hawezi, inabidi abane tu mpaka afike anakokwenda. Jamani huyo ni bibi yetu!

Na hofu yenyewe imekaa pasipo pake, maana kipindupindu hakiingilii kwenye paja, kinaingilia mdomoni, kwa maji, chakula na mikono michafu. Huyohuyo aliyepanda juu asiguse kitu anatoka bila kunawa, anasimama hapo nje ananunua mihogo ya kukaanga na kachumbari anakula kwa mkono.

Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa na chini vina kiwiko, yaani bomba lililopinda, yale maji yanayobaki kwenye kiwiko ndio yanazuia harufu isipande juu. Mwaga maji kidogo kabla hujachuchumaa, sinki likilowa uchafu haugandi, ukimaliza mwaga ya kutosha na kwa nguvu, kopo lirudishe kwenye ndoo. Pedi, pampasi na karatasi za daftari usitupie mle, zinakwama palepale kwenye kiwiko na choo kinaanza kurudisha. Ila hapa niwatetee dada zangu, vyoo vingi vya umma havina hata ndoo ya mfuniko ya kutupia pedi, sasa afanyeje, aondoke nayo mkononi?

Maji nayo, kwakweli wanaokusanya hizo hela wanunue tangi, msimu wa korosho watu wanajaa stendi na bomba likikauka hata mstaarabu anaacha alivyoacha. Ndio maana kwenye mabasi ya Dar, safari ya zaidi ya kilomita 500, wengi wanaomba gari lisimame porini wachimbe dawa kuliko kuingia vyoo vya vituoni. Mwanaume anamaliza nyuma ya mti, mwanamke anahangaika na kanga vichakani, wengine tunajinyima maji ya kunywa tangu asubuhi na joto lote hilo.

Wanaosema shida ni msimamizi nawapa mfano wa mama mmoja wa choo cha soko moja huku kwetu. Ukimpa mia tano chenji yako ya mia mbili hakupi mpaka utoke, anachungulia kwanza ndani, kama hujamwaga anakwambia "baba samahani, rudi umwage maji", na baba mzima anarudi. Maji yake ni ya ndoo kama kwingine, dawa ya kusafishia ileile, na wateja ni sisi hawahawa, ila kile choo unaingia na mtoto wako bila wasiwasi. Wanaochukua tenda za vyoo waige kwake, na wamlipe vizuri kwa kazi hiyo.