Mikono ya mihogo

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa kijana mmoja. Ana miaka 23, anauza makava ya simu Kariakoo. Shuleni yeye ndiye alikuwa akiitwa ubaoni na mwalimu wa Biolojia kuchora moyo na mishipa yake. Sasa mwaka wa tano huu hajashika penseli, na kitabu cha mwisho kukisoma kilikuwa cha kujiandalia mtihani wa kidato cha nne. "Dada, nianzie wapi kuchora na kusoma tena? Muda wenyewe sina." Nilitaka nimjibu mistari miwili nikalale. Usingizi ukagoma, maana huyo kijana nilikuwa mimi.

Mwaka 2021 nilipeleka michoro 12 kwa mchapishaji mmoja hapa Dar, simtaji, aliyekuwa akitafuta mtu wa kuchorea kitabu cha watoto. Niliipanga kwenye bahasha ya kaki, nikavaa gauni la kanisani. Mhariri akaipitia kama anayehesabu noti. Kufika wa saba akanigeuzia: "Dada, watu wako hawana mikono, wana mihogo." Ofisi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, na hicho ndicho kinachoniuma hadi leo, kwamba nilicheka. Nikapanda daladala ya Gongo la Mboto nimeikalia bahasha.

Miezi iliyofuata sina la kuisimulia. Nilifanya kazi, nililala.

Kilichonirudisha ni foleni. Tumekwama Buguruni, jua linachoma, konda amesimama mlangoni, mkono wake uko sentimita 20 kutoka usoni kwangu. Noti amezikunja kwa urefu na kuzibana katikati ya vidole, kila aina na pengo lake, huku kiganjani sarafu zinalia chaka-chaka kutuambia tutoe nauli. Nikauangalia ule mkono kwa mara ya kwanza maishani, japo mikono naiona kila siku. Kumbe kidole gumba hakipangi foleni na wenzake! Kinaanzia chini kabisa, karibu na kifundo cha mkono, na kinatazama upande wake peke yake. Mimi miaka yote nilikuwa nachora vidole vitano vimejipanga kama meno ya kitana. Mihogo, kweli. Yule mhariri hakuwa na adabu, lakini hakuwa mwongo.

Nikachora nyuma ya risiti ya LUKU. Konda akaniona: "Sista, unaniandikia nini, we trafiki?"

Siku ya pili nikanunua kaunta buku na peni. Nasisitiza peni, kwa sababu penseli ina ufutio, na ufutio ulikuwa unanifanya nifute kutwa nzima badala ya kutazama. Nikagundua kitu: ukishindwa kuchora vidole, chora mapengo yaliyo katikati yake. Vidole unadhani unavijua, kwa hiyo unavichora toka kichwani. Pengo hulijui, kwa hiyo unalazimika kuliangalia. Jingine, weka kiganja chako usoni sasa hivi, vidole vimenyooka: kinaanzia kidevuni na kufika karibu na nywele zinapoota. Watu wangu wa 2021 walikuwa na mikono ya watoto wachanga.

Na kusoma kwangu kulikuwa na ugonjwa uleule. Nilisifiwa toka utotoni kwa kumaliza vitabu haraka, nikajiona msomaji. Kuna riwaya ya Kiswahili niliinunua Posta, kwa wale wanaotandika vitabu vya mtumba chini, niliyokuwa nimeisoma mara mbili zamani. Safari hii nikataka kumchora mzee aliyemo. Kichwani mwangu alikuwa na ndevu nyeupe mpaka kifuani. Nikatafuta ukurasa zinapotajwa ndevu. Sikuupata. Mwandishi hakuzitaja mahali popote. Zile ndevu ni za babu yangu mzaa mama. Alichokitaja mara tatu ni kwamba mzee anatembea ameshika ukuta, na mimi sikuwahi kukiona. Hapo ndipo nilipoanza kwenda Jumamosi pale Maktaba Kuu, barabara ya Bibi Titi Mohamed, kurasa 10 tu, peni mkononi, kila nikifika mwisho nachora kitu kimoja kilichoandikwa. Kurasa 10 zinachekesha, najua. Zifanye kila siku kwa mwaka, ni kurasa 3,650.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Kariakoo, usinidanganye kuhusu muda. Wateja wanakuja wanakuonyesha simu kutwa nzima, na simu zinashikwa na mikono. Tazama! Wala usiniambie huna vifaa. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akafanya kazi za mashambani Tanga na za nyumbani kwa watu hapa Dar, na alipoanza kuchora mwaka 1968 alichukua vipande vya mbao za dari na rangi ya kupakia baiskeli. Chuo cha sanaa hakukanyaga. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, na leo jina lake ndilo jina la mtindo wake wa uchoraji. Wewe una peni ya shilingi mia chache, unasubiri nini? Tunapenda mno kusubiri, kisha tunamlaumu mhariri.

Mwaka huu nimechorea kitabu cha watoto, picha 16, kwa mchapishaji mwingine. Malipo yamelipa kodi ya miezi mitatu na gesi juu. Ndiyo, najisifu, nimengoja sana. Ninayoipenda kuliko zote ni ya mama yangu akikuna nazi kwenye mbuzi: kifuu kimelala kiganjani, gumba limekaza ukingoni, kifundo kimepinda. Nilikaa naye jikoni jioni nne nikichora mkono huo tu.

Wiki iliyopita nikamwonyesha. Akavaa miwani, akaisogeza picha, akaiweka mbali.

"Mkono ni wangu huu. Hata kovu umeliweka."

Nikavimba kichwa.

"Ila mbuzi hii ya nani? Yetu msumari ulishatoka, nimeifunga kamba mwaka wa ngapi sasa."

Nikaenda jikoni kuhakikisha. Kamba ya manila, ya bluu, imezungushwa mara tatu. Na kitabu kimeshaingia mtamboni.